Shajara ya duara: nazunguka kijiti uani, Mbeya

Siku ya 1

Naanza kuandika leo ili baadaye nisije nikajidanganya. Kaka yangu (mtoto wa baba mkubwa) alikuja likizo ya Krismasi akakaa hapa kwetu siku 9. Yeye alisoma China na kule akawa anaenda bustanini alfajiri kujifunza kwa mzee mmoja mchezo unaoitwa bagua, jina lake refu baguazhang, yaani kiganja cha alama nane, ni moja ya zile sanaa tatu za mapigano ambazo Wachina wanaziita za ndani, zingine ni taichi na xingyi. Mimi nilitegemea nifundishwe mateke. Akachomeka kijiti uani akaniambia zunguka.

Nikamuuliza mpaka lini, akasema mpaka nikwambie acha. Hajaniambia acha, ameshapanda basi la Dodoma.

Basi ndio mradi wenyewe, dakika 20 kila asubuhi kabla sijashuka kibandani sokoni Mwanjelwa, siku 90, halafu tuone. Sababu yangu haina mbwembwe, mimi ni fundi cherehani, nakaa toka saa mbili mpaka jioni mgongo umekunjwa kama ndoano, kiuno kikikaza nashindwa hata kuinama kuokota kifungo.

Duara nimelichora kama ninavyokata sketi ya solo, ile ya duara. Uzi, msumari katikati, chaki upande wa pili, unazungusha. Kaka alisema duara la asili ni la hatua 8 ukirudi ulipoanzia, nikapiga hesabu: nusu kipenyo mita 1 inaleta mzunguko wa mita 6 na senti 28, gawa kwa 8 ni senti 78 kila hatua. Jaribu kutembea hatua ya senti 78 umekunja magoti na mwili haupandi haushuki, utaniambia. Nimeongeza uzi mpaka mita 1 na nusu, nimetumia hatua 17. Kaka nimemtumia meseji, amejibu "usihesabu, zunguka".

Siku ya 2

Kizunguzungu. Dakika ya nne tu nimeshika ukuta.

Siku ya 5

Kizunguzungu kimepungua na sababu naijua sasa. Nilikuwa naangalia chini kwenye mstari wa chaki kama mtoto anayejifunza baiskeli. Mkono wa ndani unatakiwa uelekee katikati ya duara, kiganja kimesimama kwenye usawa wa uso, na macho yapite kwenye nafasi ya dole gumba na kidole cha shahada yaende moja kwa moja kwenye kijiti. Ukiangalia hivyo kijiti kinatulia, vinavyokimbia ni vile vya nyuma yake tu, tangi la maji, mgomba, mlango wa choo, tangi tena. Halafu unageuza upande, ukienda bega la kushoto ndani dakika kadhaa unarudi na la kulia ndani. Nisipogeuza nabaki na kichwa kinachoendelea kuzunguka mimi nikiwa nimesimama.

Bega la kushoto ndani ni mteremko kwangu, la kulia ndani naonekana kama nimekodi miguu.

Siku ya 9 mpaka 14

Sijafanya. Shule zinafunguliwa, kila mzazi amekumbuka sare siku moja. Nimeshona mpaka saa sita usiku, kaptula, sketi za malinda, masweta naunga tu viwiko. Siandiki visingizio ila ndivyo ilivyo, Januari fundi hana mwili wake.

Siku ya 15

Nimerudi, na mvua imerudi na mimi. Chaki imefutika yote. Kilichobaki ni nyayo zangu kwenye tope jepesi na hapo ndio nimepata aibu ya mwaka maana duara langu siyo duara, ni yai. Tena yai lenyewe limelala kuelekea bondeni. Ua wetu una mteremko (nani ana uwanja tambarare Mbeya hii, labda walioko Uyole) na kila nikifika upande wa chini mwili unatangulia, miguu inakimbilia kuuokoa, hatua zinakuwa ndefu. Upande wa kupanda zinakuwa fupi kama za kuku.

Yaani wiki mbili nilikuwa najiona niko vizuri. Ardhi ikikauka haikwambii kitu.

Siku ya 16

Balozi wa nyumba kumi amekuja. Amekaa, amekunywa chai, ameulizia mama, ameulizia biashara, halafu ndio akafika: "Sasa mwanangu, kuna watu wanasema asubuhi kabla hakujakucha unazunguka kijiti."

Nikacheka, yeye hakucheka. Na kweli ukijiweka kwenye dirisha la jirani, saa kumi na moja na nusu, ukungu umeshuka toka mlima Loleza, unaona mtu mzima amekunja magoti, mkono mmoja juu, anazunguka mti uliochomekwa ardhini, haongei. Hata mimi ningempigia balozi.

Nikamwambia ni mazoezi ya Wachina. Akasema Wachina wanapiga makelele, kwenye vidio wanasema waah. Nilikuwa sina jibu. Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya chini, alikuwa anapita na jembe, nikamsalimia shikamoo akasimama kusikiliza. Huyu mzee ujana wake aliumalizia kwenye ujenzi wa TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi iliyojengwa 1970 mpaka 1975, anapenda kusema alibeba mataruma mpaka akasahau jina lake. Akasema kambini Wachina walikuwa wanaamka mapema wanafanya hayohayo ya polepole, "sisi tulidhani wanaumwa". Balozi akamtazama, akanitazama, akamalizia chai. Kaondoka na sharti moja, nifanye kukishakucha watu waone.

Kwa hiyo sasa nazunguka saa kumi na mbili na nusu na nina watazamaji, watoto watatu wa jirani wanakaa kwenye tofali wanakula kiporo.

Siku ya 20

Voisi noti ya kaka, dakika 11, imekula bando langu lote. Nimeisikiliza mara tatu wakati napiga pasi. Humo ndani kuna historia ambayo nilikuwa siijui. Mtu aliyeutoa mchezo huu hadharani anaitwa Dong Haichuan, alikuwa mtumishi kwenye jumba la mwanamfalme Su pale Beijing, amefariki 1882. Hadithi wanayopenda kusimulia ni kwamba siku moja jumba lilifurika wageni, hakuna pa kupita, yeye akawa anapita katikati yao na vinywaji kama mtu anayepita uwanja mtupu, ndio mkubwa wake akamshtukia kwamba huyu siyo mtumishi wa kawaida. Hadithi hizo unazipokea na chumvi yake. Kingine ni kwamba wapo watafiti wanaosema kuzunguka kwenyewe kulitoka kwa watawa wa Kitao, dini ya zamani ya Wachina, walikuwa wanazunguka wakitamka maneno ya dua ili akili itulie, Dong akachukua kuzunguka kwao akaunganisha na ngumi alizokuwa nazo toka kijijini.

Kitu kilichonishika zaidi ni wanafunzi wake. Karibu wote walikuja kwake wakiwa tayari wanajua mchezo mwingine, na yeye alimfundisha kila mmoja kwa kuanzia kile alichonacho, ndio maana leo bagua ya ukoo huu haifanani na ya ukoo ule. Mmoja anaitwa Cheng Tinghua, alikuwa mtu wa mieleka na kazi yake ilikuwa miwani. Fundi miwani! Fundi mwenzangu. Aliuawa mwaka 1900 na wanajeshi wa kigeni walioingia Beijing wakati wa yale machafuko ya Mabondia, Wachina walioinuka dhidi ya wageni. Sijui kwa nini imeniuma, mtu ana duka lake la miwani.

Siku ya 23

Hii ndio siku niliyojifunza kitu, kwa hiyo nitaandika kirefu, mniwie radhi.

Hatua ya bagua ina jina, wanaiita hatua ya kupita matopeni. Mguu haurushwi, unateleza mbele karibu na ardhi, nyayo iko bapa, inatua bapa, vifundo vinapishana karibu kugusana. Sasa mimi nikasema matope si ninayo, imenyesha toka usiku, nikavua kandambili nikaingia.

Haiwezekani! Ukinyanyua nyayo bapa kwenye tope zito linakunyonya, mguu unabaki. Nimesimama kwa mguu mmoja nahangaika kutoa mwingine, watoto kwenye tofali wamekufa kwa kicheko, mama akatoka jikoni na mwiko.

Mama yangu ni wa Kyela. Amelima mpunga toka anajua kutembea. Akaniangalia akasema, "Wewe hujawahi kupita majarubani, unatembea kama mtu wa mjini anayeogopa viatu vyake." Nikamwambia mama, mbona kwenye tope lazima unyanyue kisigino kwanza hewa iingie, Wachina wanasema nyayo bapa, wamekosea? Akasema hajui Wachina, ila niache kuangalia mguu unaotoka, niangalie unaokwenda. Akapandisha kitenge kidogo akaingia mwenyewe, miaka 66, akanionyesha. Mguu wa mbele unakwenda mtupu. Hauna mzigo wowote. Unapapasa chini kama kuna shimo, kisiki, ganda la konokono, ukishapata pa kukaa ndio mwili unahamia, na wakati wote huo anaweza kuurudisha. Mwili wake haukupanda wala haukushuka. Mwiko bado mkononi.

"Ukitua na uzito wako wote kabla hujajua chini kuna nini, utakwenda na maji," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Nimemsimulia kaka. Kaka akanyamaza muda halafu akatuma, "Huyo mzee wangu wa bustanini alinieleza jambo hilo miezi sita sikumwelewa. Mpe mama shikamoo yangu." Mama kapokea shikamoo, kauliza lini analeta posho.

Kwa hiyo jina la hatua siyo jinsi ya kujinasua, ni jinsi ya kwenda. Na mimi kumbe maisha yangu yote natembea kwa kuanguka, naurusha mwili mbele halafu mguu unaudaka. Ndio maana mteremko ulikuwa unanifanyia yai.

Siku ya 24, 25, 26, 27

Mguu mtupu, mguu mtupu. Dakika 20 nazunguka mara chache sana, labda nusu ya mwanzo. Mapaja yanawaka. Yai linaanza kunenepa pembeni.

Siku ya 31

Nimejiumiza na ni ujinga wangu. Niliangalia vidio ya kijana mmoja anazunguka chini kabisa, mapaja yamelala kama meza, nikataka na mimi. Kaka alishanieleza kwamba kuna kimo cha juu, cha kati na cha chini, na anayeanza akae juu mwaka mzima ikibidi. Nilishuka, nikazunguka dakika kumi najiona simba. Jioni nimekanyaga pedali ya cherehani goti la kushoto likalia.

Siku ya 32 mpaka 38

Nimepumzika. Mama amenikanda kwa maji ya moto na chumvi. Nimetumia muda huu kutafuta kosa maana kushuka tu kusingeniumiza hivyo, na kosa nimeliona kwenye vidio niliyojirekodi simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo. Kwenye duara mguu wa ndani unakwenda karibu kunyooka, mguu wa nje ndio unaingia kidogo kukunja njia, vidole vinatazama ndani. Mimi nilikuwa natua umenyooka, uzito unafika, HALAFU ndio nausokota ukiwa chini. Tope lingenisamehe, ardhi kavu haisogei, nyayo haisogei, kinachosokotwa ni goti. Goti linajua kukunja na kukunjua, kazi ya kugeuka ni ya nyonga. Kwa hiyo mguu ugeuke ukiwa bado hewani, ukiwa mtupu, toka nyongani, ndio utue. Mguu mtupu tena! Mama alishasema yote siku ya 23, mimi nikadhani anaongelea konokono.

Na upande ni wa kushoto kwa sababu nikizunguka na bega la kulia ndani mguu wa nje ni wa kushoto, ule upande wangu wa kukodi. Miaka 12 nakanyaga pedali mguu wa kulia umetangulia, nyonga ya kushoto imelala usingizi.

Siku ya 44

Nimerudi nikiwa juu kabisa, magoti yamelegezwa tu kama mtu anayetaka kukaa halafu akaghairi. Hakuna maumivu. Nimejipa kipimo kipya, sufuria dogo la maji kichwani. Dada zetu wanabeba ndoo ya lita 20 toka bombani wanaongea na simu, mimi sufuria la vikombe vitatu limenilowesha mpaka mgongoni. Lakini limenieleza ninapopandia, ni pale miguu inapopishana, nanyooka kidogo kila hatua. Kwa macho hata kwenye vidio haionekani.

Mabega bado yananipanda masikioni. Mkono ukikaa juu dakika tano bega linataka kusaidia. Kaka anasema kiwiko kizame, kifua kisitunishwe, utosi kama unavutwa na uzi. Uzi naujua, nimekaa na wazo hilo.

Siku ya 52

Leo nimefanya jaribio nje ya duara. Jumamosi, Mwanjelwa, saa kumi jioni, wanaoijua wanaijua, njia ya upana wa toroli moja, matoroli mawili, wauza maparachichi wamekaa mpaka katikati, bodaboda anapiga honi kwa watu ambao hawana pa kwenda. Mimi nimebeba furushi la sare 14 za kwaya kichwani, mkono mmoja juu. Nikasema ngoja nipite kama yule mtumishi wa Su.

Sitawadanganya, nimegongwa mara mbili na nimemkanyaga mama mmoja wa dagaa akanitukana Kinyakyusa. Ila kuna sehemu, hatua kama sita au saba hivi, mtu alinijia usoni na gunia la viazi, na badala ya kusimama au kumsukuma mguu wangu wa mbele ulikuwa bado mtupu, ukaenda pembeni wenyewe, nyonga ikageuka, gunia likapita mbele ya kifua changu bila kunigusa. Sikupanga. Nilishtuka mpaka nikasimama, ndio nikagongwa mara ya pili.

Siku ya 53

Nimejaribu tena makusudi. Haikutokea.

Siku ya 61

Mvua, mgawo wa umeme, oda hakuna. Dakika 20. Kawaida.

Siku ya 70

Kaka ameniruhusu kugeuka kwa namna yake rasmi, maana mpaka sasa nilikuwa nabadili upande kwa kusimama na kuzunguka tu kama bajaji. Kuna hatua mbili zinaitwa koubu na baibu, ya kwanza mguu wa nje unaingia kufunga mbele ya mwenzake vidole vinaelekeana, ya pili mguu unafungua kwenda nje. Funga, fungua, viganja vinabadilishana, unajikuta unazunguka upande wa pili. Mabadiliko hayo ya kiganja kimoja ndiyo ya kwanza kabisa kwenye bagua, na kaka anasema mengine yote ni watoto wake.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa mwili nimejifunga mwenyewe kama mbuzi aliyezunguka mti na kamba yake. Mtoto mmoja wa kwenye tofali (anaingia darasa la pili, siku hizi akiwahi anakuja na mdogo wake) amelipata kabla yangu. Kasimama, funga, fungua, kaondoka anakula kiazi. Nimemwomba arudie niangalie, kagoma, anataka mia mbili.

Siku ya 71 mpaka 85

Nimelipa mia mbili.

Amenifaa. Yeye hafikirii mikono, anaanza kiunoni, mikono inakuja nyuma kama mkia. Mimi nilikuwa natanguliza viganja kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Sasa kufunga nafunga vizuri upande wa kushoto ndani. Upande wa pili goti halilii lakini linanitazama.

Kiuno, kwa wanaouliza: naokota kifungo. Mwisho wa siku bado kinakaza ila asubuhi kimeachia. Inawezekana ni duara, inawezekana ni kwamba nimeanza kunyanyuka kwenye cherehani kila saa ili nijaribu koubu nyuma ya pazia la wateja kupimia nguo, ambapo mteja mmoja alifunua pazia na sasa ananiita sensei. Sensei ni ya Kijapani, nimemweleza, hasikii.

Siku ya 90

Usiku ilinyesha kidogo, asubuhi imekauka juu, tope jepesi kama la siku ya 15. Sikuchora chochote. Nimezunguka dakika 30, kushoto ndani na kulia ndani, nimegeuka mara kumi na moja. Halafu nimechukua uzi wa mita 1 na nusu nikaufunga kwenye kijiti nikapima nyayo zangu pande zote. Upande wa kupanda nimeingia ndani senti 6. Upande wa mteremko nimetoka nje senti 9. Pembeni sawasawa na uzi. Mama kapita na fagio la chelewa, kaangalia, kasema "hili bado lina tumbo", kaanza kufagia upande wa jikoni.

Hatua ni 14 sasa. Nimeshahesabu, kaka anisamehe.

Nimemtumia vidio. Amejibu baada ya nusu saa: goti la kushoto limechelewa, bega la kulia liko juu, macho umeyatoa kwenye kijiti mara mbili kuangalia watoto, punguza uzi ubaki mita 1 na robo, tuma nyingine Jumapili.

Nimeupunguza. Watoto wanasema duara limekuwa dogo sana, nitaanguka.